Breki Isiyoachia na Kosa Langu la Chupa Isiyo na Lebo

Wiki hii sitazungumzia viwavijeshi wala bei ya choroko. Nataka tuzungumzie breki ya gari, ile inayoshika halafu haitaki kuachia. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba na breki wapi na wapi?" Jibu langu ni fupi: mazao hayaendi sokoni kwa miguu. Wengi wenu sasa mna kirikuu, pikapu, Noah au guta la magurudumu matatu, na wasio nacho hukodi cha jirani. Chombo kikisimama njiani, hasara inayoingia ni ya nyanya, ya maziwa na ya ada ya mtoto.

Nina sababu nyingine. Jambo hili lilinipata mwenyewe na kosa lilikuwa langu. Nimekaa nalo muda mrefu kwa aibu, lakini nimeona nikilificha mtu mwingine atalirudia.

Ilivyoanza

Mimi naishi hapa Kambarage, Shinyanga mjini. Kazi ya ofisi naifanya kwa pikipiki, zile ambazo serikali ilianza kutugawia maafisa ugani mwaka 2022. Ila nina pikapu kuukuu ya Toyota niliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS, ya gia za mkono, mbele ina diski na nyuma ina dramu. Naitumia kwa shamba langu la mpunga na mambo ya nyumbani.

Mwaka jana mwezi wa sita, nikitoka shambani, taa nyekundu ya breki iliwaka kwenye dashibodi. Nikafungua boneti, nikaona mafuta kwenye kikopo cha breki yameshuka karibu na mstari wa chini. Nikasimama kwenye duka moja la barabarani, nikaomba mafuta ya breki. Kijana akasema ya kwenye chupa yamekwisha, ila yapo ya kupima. Akaminya kutoka kwenye dumu hadi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Yalikuwa mekundu mekundu. Nikauliza, "Haya ni ya breki kweli?" Akajibu, "Ni hidroliki, bwana shamba, yote ni kitu kimoja." Nikalipa, nikamimina, taa ikazima, nikaondoka nimeridhika.

Hapo nilifanya makosa mawili, na nitayaeleza mbele. Kwanza tuendelee na safari.

Baada ya kama wiki mbili pikapu ikaanza tabia. Asubuhi inatembea vizuri kabisa. Baada ya kilomita 20 hivi inakuwa nzito, kama inapanda kilima, na wote tunajua upande wetu huu ardhi ni tambarare. Mafuta ya injini yakaanza kwisha haraka. Nikiipaki kivulini saa moja, inarudi kuwa nyepesi. Nikampelekea fundi nikamwambia maneno mawili tu: "Gari zito." Akanyanyua magurudumu ya mbele, akakuta la kushoto limebana. Akafungua kalipa, akagonga gonga, akaweka brekipedi mpya. Nikatoa shilingi 65,000. Gari lilikuwa limepoa pale gereji, kwa hiyo lilipotoka lilikuwa jepesi. Nikamshukuru.

Simlaumu fundi yule. Mkulima akija ofisini akaniambia "mahindi yangu yanaumwa" halafu akanyamaza, nami nitakisia tu. Sikumwambia kwamba uzito unakuja gari likishapata moto na unaondoka likipoa. Habari hiyo moja ingetosha kumpeleka kwenye ugonjwa wenyewe.

Siku ya nyanya

Mwezi wa saba, mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha bustani upande wa Old Shinyanga, alinipigia simu jioni. Kirikuu alichokuwa amekodi kilikuwa kimeharibika na alikuwa na matenga sita ya nyanya zilizokwishachumwa. Mnunuzi alikuwa anamsubiri Kahama kwa bei ya shilingi 45,000 kwa tenga. Mwanawe alikuwa anaripoti kidato cha tano wiki ile ile, na fedha ya godoro, sare na nauli ilikuwa ndani ya matenga yale. Nikamwambia, "Mama mwenyekiti, usihangaike. Utanilipia mafuta tu, kesho alfajiri tunaondoka."

Tuliondoka kabla ya jua kutoka. Hadi Tinde hapakuwa na neno. Tulipoiacha njia ya Nzega na kushika ya kwenda Isaka, nikaanza kusikia uzito. Nikabadili gia, nikaongeza moto. Mama akasema, "Bwana shamba, kuna kitu kinaungua." Nikamwambia ni majani ya watu wanaosafisha mashamba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaisikia harufu ile, kali, kama mpira na chuma vinachomwa pamoja, ila nilitaka tu tufike. Kilomita chache mbele, kwenye kioo cha pembeni, nikaona moshi unatoka gurudumu la mbele kushoto.

Nilisimama. Pedali ilikuwa ngumu na iko juu, ukiikanyaga haishuki hata inchi. Rimu zote mbili za mbele zilikuwa za moto kiasi kwamba huwezi kusogeza mkono. Kijana mmoja wa bodaboda akaja na dumu la maji akitaka kumwagia. Nilikuwa karibu kumruhusu, ndipo lori lililokuwa linatoka Isaka likasimama na mzee dereva akashuka akipiga kelele, "Acha maji! Acha maji!"

Mzee yule alitwambia tuache diski zipoe zenyewe, kwa kuwa chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka au kupinda. Tukaweka pembetatu, tukakingia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Baada ya nusu saa hivi akachukua spana, akaingia chini, akalegeza kidogo ile nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa ya kushoto. Mafuta yakaruka kwa nguvu kama mtoto anavyokojoa. Papo hapo gurudumu likaachia. Akafanya hivyo na la kulia, nalo likaachia. Mimi nikashangilia. Mzee hakucheka.

"Nimeliamsha tu, sijalitibu," akasema. Akafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki. Ule mpira wa ndani ya kifuniko ulikuwa umevimba, umejikunja kama chapati iliyoachwa kwenye mchuzi, hata kurudi mahali pake ulikataa. Akachovya kidole, akasugua, akanusa. "Umeweka mafuta gani humu, kijana?"

Nikamweleza habari ya dumu na chupa ya maji. Akachukua glasi ya chai kwa mama muuzaji wa jirani, akaiweka maji, akadondoshea mafuta kutoka kwenye kikopo. Yakaelea juu, yakafanya duara linalong'aa. "Mafuta ya breki ya kweli yanachanganyika na maji," akasema. "Haya ni ya gia. Umeua mipira yote."

Mama mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni, mkono shavuni. Akasema taratibu, bila hasira, "Bwana shamba, sisi kila msimu unatufundisha tusiweke dawa kwenye bomba bila kusoma lebo."

Sikuwa na la kumjibu. Waswahili walisema mganga hajigangi.

Mzee alikataa katakata nisiendelee na safari. Tulisubiri hadi saa saba mchana ndipo tukapata kirikuu cha kwenda Kahama. Matenga yalipohamishwa, moja liliporomoka likapasuka na nyanya zake zikawa za kutupa. Mnunuzi alikuwa ameshanunua kwa mwingine. Mama alilala Kahama, asubuhi akauza matenga matano kwa shilingi 28,000 kila moja. Badala ya 270,000 akapata 140,000. Pengo la 130,000 nililipa mimi, 70,000 Jumamosi ile na 60,000 mwisho wa mwezi. Mtoto aliripoti shule akiwa amechelewa siku tatu. Pikapu yangu ilivutwa hadi mjini, na matengenezo yakanigharimu 285,000. Vyote hivyo kwa sababu ya mafuta ambayo chupa yake halali, yenye lebo na kizibo kilichofungwa, niliikuta baadaye mjini kwa shilingi 6,000.

Kwa nini breki ilikataa kuachia

Nilipokuwa gereji nilikaa kitako siku mbili nikimwangalia fundi na kumuuliza. Kuuliza si ujinga. Nitaeleza kwa lugha yetu.

Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Pistoni inasukuma mafuta kwenye mabomba hadi kwenye magurudumu. Mbele, mafuta yanasukuma pistoni ya kalipa, nayo inabana brekipedi kwenye diski. Nyuma, yanatanua brekishuu ndani ya dramu. Ukiachia pedali, msukumo lazima urudi. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo sana linaloruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo. Tundu hilo likizibwa, msukumo unabaki umefungiwa ndani.

Mafuta ya breki ya kawaida, yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4, si mafuta ya jamii ya petroli. Mipira ya ndani ya breki imetengenezwa kwa ajili yake. Ukiweka oili ya injini, mafuta ya gia au hidroliki ya usukani, mipira inavimba. Kwangu mpira wa masta silinda ulivimba ukaziba lile tundu. Gari likiwa baridi, kasoro haionekani. Ukitembea ukikanyaga breki, mafuta yanapata moto na kutanuka, hayana pa kurudia, breki zinabana zenyewe. Zikibana zinazidisha moto, moto unazidisha kubana. Ndiyo maana pikapu ilikuwa nyepesi asubuhi na nzito mchana.

Sasa yale makosa mawili. La kwanza mmeliona, kumimina kitu nisichokijua. La pili ni kuongeza mafuta bila kujiuliza yamekwenda wapi. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yakishuka, ama kuna mahali yanavuja, ama brekipedi zimekwisha na pistoni zimetoka nje kufuata, kwa hiyo mafuta yamehamia kwenye kalipa. Mimi brekipedi zilikuwa zimeisha. Ile taa ilikuwa inaniambia nikague breki, nami nikaijibu kwa kuizima.

Hesabu magurudumu kabla ya kufungua chochote

Mkulima mzuri akiona mmea umenyauka haanzi kupulizia dawa. Anatazama kwanza: ni shina moja, ni mstari mmoja, au ni shamba zima? Shina moja huenda lina funza kwenye mzizi. Shamba zima, angalia maji, udongo au mbegu. Breki ni hivyo hivyo. Swali la kwanza ni gurudumu gani, na ni mangapi.

Tembea kilomita kama tano kwenye njia tulivu, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha simama. Shuka, sogeza nyuma ya kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Linganisha kushoto na kulia. Gurudumu lenye joto kubwa kuliko mwenzake ndilo linaloshika.

Ukisharudi mahali pa tambarare, acha lipoe, kingia magurudumu mengine kwa mawe au magogo, weka gari frii, nyanyua kwa jeki na uliwekee kitu imara cha kulishikilia. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kukwaruza kidogo kwenye diski ni kawaida. Likihitaji nguvu za watu wawili, hiyo ni breki imeshika.

Gurudumu moja tu la mbele. Mara nyingi kasoro iko kwenye kalipa ya gurudumu hilo au bomba lake la mpira. Gari huvuta upande huo, na brekipedi moja huisha kabla ya mwenzake.

Magurudumu mawili ya nyuma. Anza na handibreki. Kebo yake hushika kutu au kujaa tope, ukiachia mkono yenyewe inabaki imevutika.

Gurudumu moja la nyuma. Fungua dramu. Angalia springi iliyokatika, silinda ndogo inayovuja, au tope lililokauka ndani.

Magurudumu mawili ya mbele au yote manne. Acha kuhangaika na gurudumu. Nenda juu, kwenye masta silinda, kwenye pedali isiyorudi hadi mwisho, na kwenye mafuta yenyewe. Tazama mpira wa kifuniko cha kikopo. Ukiwa umevimba, umeshapata jibu.

Kipimo cha nipo

Hiki ndicho alichotumia mzee wa lori, na ukikielewa fundi hawezi kukubadilishia vitu ovyo. Gurudumu likiwa limeshika, limenyanyuliwa na limepoa, legeza nipo ya kutolea upepo. Mara nyingi ni spana namba 8 au 10. Vaa kitu cha kukinga macho na weka kikopo cha kukingia, kwa kuwa mafuta haya yanaunguza rangi ya gari na si mazuri kwa ngozi.

Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, basi msukumo ulikuwa umefungiwa. Kalipa yako huenda ni nzima. Tatizo ni bomba la mpira lililoziba ndani au masta silinda. Mabomba ya mpira yakizeeka, ukuta wake wa ndani huachana na kuwa kama ulimi: mafuta yanapita kwenda, hayarudi. Kwa nje linaonekana zima. Ukitaka kutofautisha, funga nipo, kanyaga breki hadi ishike tena, safari hii legeza nati ya bomba la chuma juu, kabla ya mpira. Gurudumu likiachia, kasoro iko juu kwenye masta silinda. Lisipoachia hadi ulegeze nipo, kasoro ni mpira.

Mafuta yakitoka kidogo na gurudumu likabaki limebana, basi kubana ni kwa chuma. Ama pistoni ya kalipa imeshika kutu, ama zile pini ambazo kalipa inatelezea zimekauka.

Ukimaliza kipimo, kaza ulivyovilegeza na toa upepo kwenye mfumo. Gari lisiingie barabarani kabla pedali haijawa imara.

Kutengeneza

Pini zilizokauka ni ugonjwa wa kwetu kabisa, kwa ajili ya vumbi la kiangazi na tope la mbuga wakati wa masika. Zitoe, zisafishe mpaka zing'ae, angalia vimpira vyake havijachanika, kisha paka grisi maalumu ya breki. Usipake grisi ya beringi, hiyo nayo inavimbisha mpira.

Pistoni iliyoshika itolewe na fundi. Ikiwa na mashimo ya kutu, ibadilishwe. Ikiwa laini, weka ripea kiti mpya, yaani sili na kava ya vumbi. Kuigonga kwa nyundo na kuirudisha ni kununua siku chache tu.

Bomba la mpira lililoziba halisafishwi, linabadilishwa. Badilisha la kushoto na la kulia pamoja, maana yamezeeka pamoja.

Kama yaliingia mafuta yasiyo ya breki kama mimi, hakuna njia ya mkato. Kumwaga na kuweka mengine hakutoshi, mpira uliovimba haurudi. Kwangu ilibidi kubadilisha mipira ya masta silinda, sili za kalipa, mipira ya silinda za nyuma, mabomba ya mpira na hata mpira wa kifuniko. Mabomba ya chuma yakasafishwa, yakajazwa mafuta mapya na kutolewa upepo gurudumu moja baada ya jingine. Uliyogundua kosa kabla ya kuwasha gari, una bahati: usikanyage pedali, yanyonye yote kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano na umwite fundi.

Ukifungua dramu, usipulize vumbi lake kwa mdomo. Brekishuu za zamani huenda zina asbesto, na vumbi hilo ni adui wa mapafu. Lilowanishe kwa maji, uifute kwa kitambaa cha kutupa.

Baada ya matengenezo, rudia safari ya kilomita tano na upime joto tena. Kushoto na kulia zikilingana, umefaulu. Zisipolingana, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo kabla hujapakia mzigo.

Mambo matatu usiyafanye

Usikubali fundi akunje au kuziba bomba la gurudumu linaloshika ili uendelee na safari. Gari litabaki na breki upande mmoja, na siku utakapokanyaga ghafla mbele ya mtoto au ng'ombe, litakugeukia.

Usiendelee kuendesha ukisema litaachia lenyewe. Joto linachemsha mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanaanza kuchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu na 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi chini na breki hakuna. Gari lililokuwa halitaki kwenda linakuwa halitaki kusimama. Kwa sababu hiyo hiyo ya unyevu, badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili hivi, na chupa iliyofunguliwa na kukaa muda mrefu usiitumie.

Usiache mawe barabarani ukiondoka. Umesaidika wewe, usimuue mwenye pikipiki anayekuja usiku.

Kwa wenye pikipiki na magari yanayolala

Pikipiki nyingi zetu nyuma zina dramu. Pedali yake inatakiwa icheze kidogo, kama sentimita 2 hadi 3, kabla ya breki kuanza kushika. Ukikaza zaidi ukidhani unaongeza breki, unalisha brekishuu na kuchoma petroli. Inua tairi la nyuma, lizungushe kwa mkono, lazima lizunguke kwa uhuru.

Gari likilala muda mrefu wakati wa mvua, usivute handibreki kwa nguvu. Kama liko mahali tambarare, weka gia na ukingie tairi. Brekishuu zenye unyevu huganda kwenye dramu, na asubuhi ya mnada ndipo utakapojua. Ukivuka tope, ukifika osha ndani ya rimu, kisha tembea polepole ukigusa breki mara chache zikauke.

Kwa kumalizia

Mama mwenyekiti bado ni mwenyekiti, na kijana wake anaendelea na masomo. Mwezi wa kumi nilikwenda kwenye kikundi chao kufundisha kupima dawa ya kuua wadudu wa nyanya. Nilipoitoa chupa kwenye mkoba, mama akanyoosha mkono akaichukua, akaigeuza, akasoma lebo yote kwa sauti mbele ya wenzake, jina la dawa, kipimo, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, tarehe ya kuisha. Watu wakacheka, wengi walikuwa wanaijua habari. Akanirudishia chupa akasema, "Sasa endelea, bwana shamba."

Tangu siku hiyo, kabla ya somo lolote la dawa, namwomba mmoja wa wanakikundi asome lebo kwanza. Nami kwenye pikapu naweka chupa ndogo ya mafuta ya breki iliyofungwa, spana ya nipo, pembetatu mbili na miwani ya kukinga macho. Jumamosi hii, kabla hujapakia, fungua boneti yako dakika mbili. Angalia mafuta yako wapi, yana rangi gani, na mpira wa kifuniko ukoje. Ukiona kitu usichokielewa, uliza kabla ya kumimina.

Wiki ijayo tutarudi shambani, tutazungumzia namna ya kukausha choroko zisipate wadudu ghalani. Kazi njema na safari njema.